Figo Nzuri za Mdogo Wangu

Kwetu Nyamira mtu hazikwi kabla waombolezaji hawajaelezwa alikufa vipi. Mmoja wa familia husimama kando ya jeneza, anataja ugonjwa, hospitali na siku za mwisho. Asipoeleza vizuri, watu watajitungia maelezo yao, na hapo ndipo balaa huanzia. Walinichagua mimi kwa sababu nina duka mjini Kisii na mdomo wa kumuuzia Mkisii ndizi za shambani kwake.

Tuliyekuwa tunamzika ni mdogo wangu, kitindamimba, kijana wa kuchuma chai asubuhi na kucheza mpira jioni. Saratani ya damu ilimpata akiwa na nguvu zake zote. Mama alikuwa amekwisha kuamua aliyemuua: mke wa baba mdogo, kwa kuwa alimpelekea uji wa wimbi wodini na homa ikapanda siku ileile. Siku ya maziko mke huyo wa baba mdogo alikaa peke yake karibu na migomba. Viti vilivyomzunguka vilikuwa vitupu, na mimi nilijua fika kwamba nikiharibu maneno yangu, hatalala salama katika kijiji kile.

Basi nikaeleza. Dawa za saratani zilikuwa zimemmalizia kinga mwilini, homa ikamwingia. Madaktari wakamwekea dripu ya dawa ya kuua bakteria, kipimo kilekile wanachompa kila mtu. Homa ikakataa kushuka. Wakapima figo, na nesi akaja na habari njema kwamba figo ni safi kabisa. Kina mama wa kanisa walikuwa wamezunguka kitanda. Mama yangu akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa Kikisii, "Mbuya mono, Nyasae," wakaimba wimbo mzima wa shukrani. Nami niliimba. Nani asiyemjua jirani aliyekufa kwa figo?

Daktari mmoja, binti mdogo mwenye sauti ya chini, hakuimba wala hakutabasamu. Aliagiza mkojo wote wa mgonjwa ukusanywe kwenye jerikeni tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili. Majibu yalipotoka akanivuta kando.

"Dada, figo zake zinafanya kazi kupita kiasi. Dawa tunaiweka, zinaichuja na kuitoa kabla haijapigana."

"Kwani hiyo si afya?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kwa mtu asiye mgonjwa ni afya. Kwake ni hasara."

Akanieleza kwamba hali hiyo huwapata hasa vijana wenye saratani ya damu wakishikwa na homa kali, na kipimo cha kawaida cha figo hakikuonyeshi hilo, kinasema figo ni nzuri na kuishia hapo. "Mgonjwa kama huyu unabashiri mapema," akasema, "unamwongezea dawa siku ya kwanza." Alisema hayo akitazama sakafu. Nilimkasirikia, na mpaka leo namkasirikia, ingawa ndiye peke yake aliyeshtuka. Kipimo cha dawa kikaongezwa. Homa ikashuka, mdogo wangu akaomba ugali, akanicheka kwa wigi langu. Lakini bakteria walikuwa wameshajenga makao mapafuni. Alikufa Sabato asubuhi, kwaya ikiwa kwenye korido inangoja kuruhusiwa kuingia.

Nilipomaliza, mzee mmoja akasema, "Figo mbaya tunajua inaua. Sasa hii nzuri inaua mtu namna gani?" Watu wa nyuma wakacheka.

Nikamwambia, "Mzee, wewe una chai. Ukiweka mbolea kwenye mteremko na mvua ikaiosha kabla mizizi haijanywa, shamba limepata nini?"

Wenye mashamba wakaanza kuitikia kwa vichwa, kisha kunong'onezana. Mwanamke mmoja akabeba kiti chake, akaenda kukaa kando ya mke wa baba mdogo. Mwingine akamfuata. Nilishusha pumzi, tukazika.

Jioni, wageni walipokuwa wakikunja turubai, nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya jikoni, akitazama kaburi jipya uani. Aliniambia amekwenda kumpa mkono mke wa baba mdogo. Nikafurahi, nikamwambia amefanya vizuri.

"Watoto wa wenzangu waliugua surua, wakaugua malaria," akasema. "Mdogo wako hakuugua. Nilikuwa natembea sokoni nikijisifu. Nilimnyonyesha mpaka watu wakanisema."

Nikaketi karibu naye. Sikuona mapema alikokuwa anaelekea.

"Wewe ndiye uliyeongea na daktari," akasema. "Ningemzaa mnyonge, ile dawa ingekaa mwilini?"

Nilitafuta neno la kumdanganya nalo, sikulipata.

"Pengine, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama kaburi.