Wa Kumcheka Notburga

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Notburga alikuwa na miwani usoni na karatasi mkononi. Mumewe Kajetani alikuwa na ungo wa mahindi magotini. Uji ulikuwa unapoa. Ndivyo walivyozeekea katika nyumba yao ya mtaa wa Bombambili: mama anasoma alichotunga, mzee anapukuchua na kusikiliza.

Kajetani hakupelekwa shule. Kusoma hajui, na kusema kwake ni kwa kubana. Notburga alikuwa akisema hiyo ndiyo bahati yake, maana msomi huitikia hata asichokielewa. Vidole vya Kajetani havikuwa na adabu hiyo. Vikiendelea kupukuchua, maneno yanafutwa. Vikisimama, yanabaki.

Siku ile alisoma mwisho wa mchezo wake mpya, Matanga ya Kunegunda. Gunzi likabaki mkononi mwa mzee. Akamuuliza swali moja, akajibiwa, wakacheka, uji ukanywewa baridi. Kisha Notburga akapanda bodaboda akaenda zake ukumbini. Kesho yake presha ikamwangusha. Alikopelekwa hakurudi mzima.

Mjini walimjua tangu zamani. Alianzia parokiani, alipoombwa igizo la Noeli akampa Herode mdomo wa mlanguzi wa mahindi anayedai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Wakulima walicheka mpaka wakasahau wako kanisani. Katekista alinuna hadi Pasaka. Lakini kwenye mabenchi ya nyuma alikuwapo Joachim, mtu aliyekuwa amegeuza ghala la tumbaku kuwa Ukumbi wa Luhira, na Joachim akamfuata nyumbani akamwambia maneno kama hayo yatafutiwe jukwaa.

Akaenda. Hakutoka tena, ingawa kususa alisusa sana. Yeye na ule ukumbi walikuwa kama wanandoa wakaidi. Wakitaka mchezo wa kuhimiza chandarua, aliwatungia, ila mwenye maneno matamu akawa mbu, na watu wakarudi kumtazama mbu. Wakikata sehemu yake, alikunja karatasi akaenda kuigizia karibu na soko, na waigizaji wakamfuata na viti vyao. Paa likivuja, aliiingiza mvua ndani ya mchezo. Kajetani aliuita ukumbi ule mume mwenzake. Mkewe akichelewa kurudi alimuuliza kama mume mwenzake hajambo, naye Notburga alimjibu kwamba anakohoa tumbaku kama kawaida.

Joachim alipofariki, ukumbi ukaangukia kwa Mathias, kijana mwema, mchapakazi, aliyekulia Dar. Notburga alimpenda. Alisema huyu kasoro yake ni moja tu, anaogopa watu wasije wakakasirika.

Sasa msiba. Wangoni na Wayao walipigana enzi za mababu, leo ni watani, na msiba bila mtani wa kumwigiza marehemu umepungukiwa. Notburga mtani wake alikuwa Zabibu, Myao wa Nakapanya, anauza korosho za kukaanga kando ya barabara. Walijuana kikundi cha ukumbi kilipokwenda kuigiza Tunduru, Zabibu akasimama katikati ya watu akauliza kama Wangoni wameacha kuiba ng'ombe siku hizi wanaiba muda. Tangu siku hiyo walikuwa hawaachani.

Habari ilipomfikia alipanda basi. Akaingia uani, akachukua miwani ya marehemu na khanga yake, akasimama mbele ya waombolezaji, mkono kiunoni, shingo imepinda, Notburga mwenyewe.

"Nyie wa kushoto mnalia nini? Sauti haifiki nyuma. Rudieni tangu mwanzo."

Wazee wakaangua kicheko na machozi yakiwatoka. Kajetani alikuwa ndani, amejilaza kwenye mkeka. Aliisikia ile sauti akainuka akaketi, na bila kutaka akacheka. Lakini Mathias hakuwahi kuona jambo kama lile. Aliona mwanamke mlevi anamvunjia marehemu heshima. Akamshika mkono kwa upole, akamtoa hadi barabarani, akampakia kwenye bodaboda impeleke stendi. Kajetani alipofika mlangoni, hakuna Zabibu. Kilio kilichorudi kilikuwa cha kuchoka.

Miezi ikapita. Ukumbi ukatangaza kwamba utaonyesha Matanga ya Kunegunda kwa heshima ya mtunzi. Kajetani akaitwa aje aone mazoezi. Alikwenda mchana, na ungo wake, na mahindi yake. Akaketi mbele.

Mchezo wenyewe si mgumu. Bibi Kunegunda amekufa, ndugu wanagombana nani alimpenda zaidi, hawasikilizani hata kidogo, ndipo anapoingia mtani amevaa nguo za marehemu na kuwasema wote. Kajetani alimngoja mtani. Mtani hakuingia. Ilipofika mahali pake, kwaya ikaimba wimbo wa kuaga, ndugu wakapatana, basi. Vidole vya mzee havikusimama. Punje zilianguka kwenye ungo, ta, ta, ta. Aurelia, mcheza Kunegunda, aliyekuwa akienda nyumbani kwa Notburga kujifunza maneno yake, alikuwa anaijua ile sauti. Alilala pale kwenye mkeka wa maiti akijizuia kucheka.

Mathias akaja, akamwamkia, akachuchumaa pembeni yake akamuuliza ameuonaje.

"Mahindi yameisha," Kajetani akasema.

Kijana hakuelewa. Aurelia akamweleza habari za vidole vya mzee na mtani aliyekosekana, ameketi palepale kwenye mkeka. Mathias akainamisha kichwa. Akasema ameshafundishwa habari za utani, na yule mama wa Nakapanya angempata angemwomba radhi. Lakini wageni wamealikwa, mapadre watakuwapo, na mtunzi mwenyewe ndiye marehemu. Watu wataona ukumbi unamcheka.

"Toeni jina lake, basi," Kajetani akasema. "Huu si wake."

"Mzee, tunamheshimu mama."

"Najua. Nirudishieni mtani, avae khanga ya mke wangu."

Mathias akasema hata akitaka, hakuna mwigizaji anayethubutu kuvaa khanga ya Notburga. Kajetani akakung'uta mapumba, akabeba ungo wake. Akasema huyo aachiwe yeye.

Akapanda basi la Tunduru na jogoo kwapani. Pale Nakapanya akamkuta Zabibu na beseni lake la korosho. Zabibu akamwona, akageukia wenzake.

"Jamani, Wangoni wamekwisha! Wamemtuma kibabu na kuku."

Kajetani akaketi kwenye kreti tupu. Akamweleza shida yake kwa ufupi. Zabibu akasema yeye hatoki. Alifukuzwa kama mlevi, yeye Muislamu ambaye pombe ya ulanzi anaiona kwa Wangoni tu. Kajetani akasema kweli. Zabibu akasema jogoo mwenyewe amekonda kama mleta jogoo. Kajetani akasema hiyo nayo kweli. Akaendelea kukaa. Mabasi yakapita. Zabibu akamaliza matusi yote ya Wayao, akaanza kuyarudia, na mzee bado yuko kwenye kreti.

"Wewe mzee huondoki?"

"Siondoki."

"Alikuwa hivihivi yule mkeo," Zabibu akasema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akampokea jogoo.

Siku ya mchezo ghala lilijaa. Mathias mwenyewe alimpokea Zabibu mlangoni, akamwomba radhi mbele za watu. Zabibu akamwambia amemsamehe, ila mkono aliomshika nao akauoshe. Kajetani akaketi mbele na ungo wake. Ndugu wa Kunegunda wakagombana, naye akapukuchua. Halafu ikaingia miwani ile na khanga ile, mkono kiunoni, shingo imepinda.

"Nyie wa kushoto," ikasema.

Watu wakashika midomo. Mathias, kando ya pazia, alikuwa amekunja ngumi. Mtu akakohoa. Kisha kwenye kiti cha mbele mzee mmoja akacheka, kicheko chembamba cha kukwaruza, na ghala zima likamfuata, na wengi hawakujua wakati gani walianza kulia. Gunzi lilikuwa mkononi mwa Kajetani. Lilikaa hapo mpaka pazia lilipofungwa.

Swali alilomuuliza mkewe asubuhi ile lilikuwa hili: kwa nini amemleta mtani mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuanza kulia vizuri. Notburga alivua miwani, akaipangusa kwa khanga, akamjibu:

"Wa kulia wapo wengi, baba Leticia. Mimi nikifa nitafutie wa kunicheka, halafu uendelee na mahindi yako."