Nyanya Zangu Zilihamia Kibondo

Sikuacha bustani kwa sababu ya ukame, wala wadudu, wala mbuzi wa jirani. Niliiacha kwa hasira, siku moja ya Jumamosi, kati ya saa nne na saa sita mchana, na ilinichukua miaka minne kuirudia. Wanaoniona sasa nimeinama kwenye matuta yangu hapa Kasulu hudhani nilizaliwa na jembe mkononi na sijawahi kulitua. Nililitua. Na aliyenifanya niliokote tena ni mtu ambaye mpaka leo sipendi kumshukuru.

Tulihamishiwa Kasulu mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu bwana miti, watoto wawili na kuku watano ndani ya tenga. Mimi na yeye kwetu ni milima ya Lushoto, ambako mtu hanunui mboga sokoni isipokuwa ni mgonjwa au mvivu. Nyuma ya nyumba ya shule tuliyopewa kulikuwa na kipande cha ardhi nyekundu kilichojaa magugu, nami nikakitazama kama mwanamke mwingine anavyotazama kitenge kipya. Msimu wa kwanza tu nilikuwa na kabichi, karoti, sukuma wiki na lengalenga, ndivyo mchicha unavyoitwa huku. Na nilikuwa na nyanya.

Nyanya zenyewe hazikuwa za kununuliwa mbegu dukani. Zilikuwa kubwa, zenye mikunjo kuanzia kwenye kikonyo, nyama nyingi na maji machache, mbili tu zinatosha sufuria ya watu wanne. Zilikuwa za mama yangu. Kila msimu mama alichagua nyanya iliyo bora, akaikamua mbegu, akazichanganya na majivu na kuzipaka ukutani jikoni, na hapo zilikaa zimekauka mpaka wakati wa kusia kitalu. Siku ninaolewa alibandua kipande cha majivu hayo akanifungia kwenye karatasi. Wenzangu walipewa masufuria. Nilipofika Kasulu na mimi nikapaka ukuta wangu, mume wangu akasema nyumba imepata surua, tukacheka.

Kisha wakimbizi wakaingia kutoka Burundi, maelfu kwa maelfu, na wilaya yetu na ile ya Kibondo zikajaa makambi, magari na ofisi. Shirika moja likamchukua mume wangu akasimamie upandaji wa miti huko Kibondo, kule kuni zilikokuwa zimekwisha. Alirudi kila mwisho wa mwezi, akilalamika kwamba anakula maharage asubuhi, maharage jioni. Nikamhurumia. Nikatafuta kikapu chenye mfuniko, na kila Ijumaa nikawa nakijaza mboga na kumkabidhi dereva wa lori la mahindi ya kambini, Mnyamwezi mmoja mtu mzima, mpole, ambaye alikifikisha ofisini kwa mume wangu na kunirudishia Jumanne.

Vikapu vitatu vya kwanza vilirudi vitupu. Cha nne kilirudi na maharage ya njano, yamechambuliwa, hakuna hata jiwe moja. Cha tano kilikuwa na karanga. Cha sita kilikuwa na chupa ya asali ya Kibondo, imezibwa kwa gunzi la muhindi na kuviringishwa kitambaa ili isivunjike njiani.

Nilifurahi, na ni afadhali niliseme hili kabla ya mengine. Nilifurahi kama mtoto. Mwanaume ambaye kwa miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kurudisha glasi jikoni, sasa ananichambulia maharage! Niliwaambia walimu wenzangu ofisini kwamba kukaa mbali kumemfunza mume wangu adabu. Nikaongeza matuta mawili. Nikaamka mapema zaidi kumwagilia, nikiwa na kopo langu nililolitoboa matundu kwa msumari, na kila nyanya iliyoiva vizuri kuliko zote sikuila mimi wala watoto. Ilikwenda Kibondo.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja Muha, mzaliwa wa Heru Juu, ndiye aliyenipa samadi ya ng'ombe wake. Jumanne moja alinikuta nafungua kikapu. Akaitazama ile chupa, akaligusa lile gunzi.

"Mwalimu," akasema, "mzee wako ni Muha?"

"Wa Lushoto, kama mimi."

"Ana dada yake huko Kibondo?"

"Hana."

"Basi hiki kikapu anakirudisha mwanamke." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha mwiba kwenye kanga yako. "Kwetu chombo cha mtu kikija na chakula hakirudi kitupu. Ni aibu. Mtoto wa kike anafundishwa angali mdogo, hata akiwa na kosa gani hawezi kukirudisha hivyo hivyo. Mwanaume nani anamfundisha? Yeye angekitupa tu juu ya lori."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kwetu adabu hiyo ipo. Niliijua. Ila nilitaka sana iwe ya mume wangu, nikajifanya sioni mkono wa mwanamke ulivyokuwa wazi ndani ya kile kikapu. Fikiria: mwanamke yule angenirudishia kikapu kitupu, ningeendelea kumlisha kwa miaka. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. Angeweza kunichukulia mume, ila si kunirudishia chombo bila kitu.

Ijumaa ile nilimuuliza dereva. Alijikuna shingo, akatazama magurudumu ya lori lake. "Mwalimu, mimi kazi yangu kupakia na kupakua," akasema. Hilo likawa jibu.

Kesho yake, saa nne, nikaingia bustanini na panga. Sikuchagua. Nilikata kabichi ambazo hazijafunga, nikang'oa karoti nyembamba kama vidole vya mtoto, nikaziangusha nyanya na miti yake. Watoto walisimama mlangoni. Nilipomaliza nje nikaingia jikoni, nikaukwangua ukuta mpaka udongo ukaonekana, nikayafagia yale majivu na mbegu zake na kuyatupa chooni. Hasira hasara, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyekuwa nawaandikishia watoto methali hiyo ubaoni kila mwaka.

Mume wangu alikuja likizo mwezi uliofuata. Akanywa chai, akapita nyuma ya nyumba, akarudi amekunja uso.

"Mama watoto, bustani umeiacha iwe pori?"

Nikamuuliza nani anampikia Kibondo. Akasema kazi za wakimbizi hazina saa. Mimi sikuwa nimemuuliza saa. Alikaa siku tatu, akaniambia wazi kwamba nimekuwa mvivu, akaondoka. Baada ya hapo alikuja mara moja tena, kisha akawa anatuma barua, kisha barua nazo zikachoka.

Miaka ile nilinunua mboga. Nilinunua lengalenga lililonyauka na vile vinyanya vigumu vya kwenye mafungu, nikavipika bila kuvionja. Shuleni nilifundisha somo la kilimo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: nafasi kati ya mche na mche, faida za samadi, madhara ya magugu. Watoto wangu walishukuru kwa kupumzika kubeba ndoo. Jirani aliniletea samadi mara mbili bila kuombwa, ikakaa pale kwenye kona mpaka mvua ikaichukua. Watu walisema nimechoka. Sikuchoka hata kidogo. Niliona tu kwamba kila kitu nilichokiotesha kwa mikono yangu kilikuwa na mlaji ambaye sikumjua, na sikutaka tena kumlisha mtu.

Kisha mama yangu akafariki. Kutoka Kasulu mpaka Lushoto ni basi, treni na basi tena, nilifika amekwishazikwa. Nililia kama wanavyolia wengine, lakini jikoni ndiko nilikoishiwa nguvu. Mke wa kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amepaka chokaa kuta zote ili waombolezaji wasikute jiko jeusi. Ukuta ulikuwa mweupe, safi, hauna mbegu hata moja. Nikamuuliza kama alibakiza kidogo mahali. "Yale majivu?" akasema. "Wifi, nilidhani ni uchafu."

Sikuwa na la kumlaumu. Yeye alifuta kwa kutojua. Mimi nilikwangua kwa kujua. Nilirudi Kasulu nikiwa sina mama, na sina hata kile kitu kimoja alichonipa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nilikaa kwenye lile pori nyuma ya nyumba nikatamani nyanya. Nilitamani hasa, mpaka mate yakanijaa. Sikuwa na pa kuipata mbegu.

Haikupita muda nikakutana na yule dereva sokoni. Ameshazeeka kidogo, heshima ile ile. Aliposikia msiba wangu akanipa pole, tukazungumza, na katika kutafuta neno la kunifurahisha akasema, "Lakini nyanya zako mwalimu, zile za mikunjo, siku hizi soko la Kibondo zimejaa. Mimi nanunua za kupeleka nyumbani." Alipoona uso wangu akatamani kuyameza maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Sikulala vizuri wiki nzima. Kwa hiyo mwanamke yule hakuzila tu. Alizikamua mbegu, akazipanda. Nyanya za mama yangu zilikuwa zinaota kwake, na kwangu hakuna.

Likizo ya Juni nilipanda basi la Kibondo alfajiri. Nilikuwa na mpango: nitanunua nyanya kwa yule mwanamke kama mteja wa kawaida, bila kujitambulisha, nipate mbegu, halafu nitakwenda ofisini kwa mume wangu nimuulize swali moja nililolibeba miaka minne. Mimi uliniona mke, au uliniajiri nikulimie? Njia nzima nililirudia swali hilo, vumbi jekundu likiniingia mdomoni, mpaka likawa na makali niliyoyataka.

Soko halikuwa kubwa. Nilizitambua nyanya kabla ya kumwona mwenye nazo. Alikuwa mdogo kwangu, ana mtoto mgongoni ambaye sikutaka kumtazama masikio, nisije nikaona ya mume wangu. Nikasema, kwa sauti ya mteja, "Nipimie hizo."

Akapiga goti na kupiga makofi polepole, kama Waha wanavyomsalimu mtu wanayemheshimu. "Mwakeye, mwalimu," akasema. "Karibu."

Kumbe ananijua. Pengine ameona picha, pengine mume wangu ameniongelea, sijui. Nikasimama pale na matusi yangu yote, niliyoyachagua kwa miaka, nikasubiri aanze yeye ili nipate pa kumshika. Hakujitetea. Akainua nyanya moja akaigeuza.

"Mwalimu, unisaidie. Zinaanza vizuri, zikikaribia kuiva zinaoza kitako. Nimeuliza watu wote hapa, hawajui. Yeye nilimuuliza, akasema nyanya ni nyanya tu."

Moyoni nilisema: zioze. Nilisema hivyo kwa dhati. Kisha nikaichukua ile nyanya mkononi. Kitako kilikuwa cheusi, kimebonyea, na nyanya ya mama yangu haikustahili kuoza hivyo, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

"Unamwagilia mara ngapi?" nikamuuliza.

"Nikipata maji."

"Leo ndoo tatu, kesho hakuna?"

"Eeh."

"Ndiyo maana. Hazitaki kushtuliwa. Afadhali kidogo kila siku. Na shina ulifunike majani makavu, na uweke majivu. Umezipunguza machipukizi ya pembeni?"

Hakujua machipukizi ya pembeni ni kitu gani. Akamwachia mwenzake meza, tukaenda kwenye shamba lake, karibu tu, chini bondeni. Niliona aibu kwa niaba ya mimea ile. Ilikuwa imelala chini, imesongana, majani yanagusa udongo. Nikavua viatu, nikapiga magoti. Nikamwonyesha chipukizi la kuvunja na la kuacha, na jinsi ya kufunga shina kwenye mti bila kulinyonga. Aliuliza vizuri. Aliuliza hata yale ambayo mimi nilimuuliza mama yangu. Ndipo nikagundua, nikiwa na matope mpaka kwenye viwiko, kwamba katika miaka yote ya ndoa yangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nafanyaje. Walikula. Nilisikia uchungu wa jambo hilo kuliko uchungu wa kile kikapu, na wakati huo huo mikono yangu ilikuwa na furaha ambayo siwezi kuikana.

Tulimaliza mistari sita. Alinichagulia nyanya nne zilizoiva kabisa, zisizo na doa, za mbegu. Sikumwambia asante, naye hakuomba msamaha. Nadhani tuliona kwamba tukianza hatutamaliza. Honi ya basi ikalia, nikakimbia na viatu mkononi.

Njiani nilikuwa nimeshapanga kila kitu: kitalu nikiweke upande usiopigwa na jua la mchana, samadi nimwombe jirani kesho asubuhi, matuta manne, la tano la lengalenga. Nilikuwa nahesabu miti ya kufungia. Tulipopita Makere, tukikaribia Kasulu, ndipo nilipokumbuka kwamba nina mume Kibondo, na nimesahau kumuulizia.