Nguo Isiyo na Fundo

Msichana wa chuo aliingia kwenye karakana yetu ya ushonaji Doornfontein, Johannesburg, akiwa na karatasi moja na tabasamu pana. Mimi, mtu akitabasamu kabla ya kuuliza bei, huangalia kwanza mlango uko wapi. Alitaka nguo nyeupe ya kitani. Nikahesabu vipande kwenye mchoro wake, nikahesabu tena, sita: suruali, shati, koti refu, mkanda, kitambaa cha kichwa na shuka.

"Mifuko mingapi?"

"Hakuna mifuko, boss."

"Vifungo?"

"Hakuna. Na uzi usifungwe fundo popote. Ukimaliza kushona, unaacha ncha wazi."

Nilikuwa nimeshona miaka ishirini na miwili, kwetu Uvira na huku, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba nguo ya kufumuka. Nikarudi kwenye mchoro. Miguu ya ile suruali ilikuwa imezibwa chini, kama foronya. Nikamuuliza mvaaji atatembeaje.

"Hatembei sana," akasema.

Basi nikajua ni sanda.

Hakukana. Alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha, isiyo na sauti hata kidogo, kutokana na hadithi ya zamani ya Kiyahudi: mwanamke anakufa na neno moyoni, roho yake inakataa kuondoka, inatafuta mwili wa mtu aliye hai ili iingie. Wayahudi walikaa sana mtaa huu zamani, na babu yake alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuosha maiti na kuwavisha. Sanda zao ndivyo zilivyo, tajiri na maskini sawa.

Ningeishona nikasahau. Lakini siku hiyo mke wangu alikuwa ameniletea chakula cha mchana, amekaa pembeni akisubiri vyombo. Msichana akamtazama usoni vile mimi ninavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, akamuuliza kama angependa kuwa yule marehemu.

Tangu zile fujo za mwaka uliotangulia, walipofukuzwa wageni, mke wangu alikuwa akinong'ona hata kwenye spaza, kiduka cha mtaani kwetu La Rochelle, akiomba mkate na chumvi, lafudhi yake isije ikamtaja. Akauliza swali moja tu.

"Nitasema kitu?"

"Hakuna anayesema kitu."

"Basi nakubali."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilivutana naye kama muuza viatu anayepatana bei.

"Mama, hiyo ni sanda."

"Ni nguo ya filamu."

"Na anayeishona ni mume wako."

"Basi itanikaa vizuri."

Nikateremka kidogo. Avae gauni lake kwa ndani? Hapana. Basi alale kwenye jeneza macho wazi, roho yoyote ijue pana mwenyewe.

"Papa, umeona maiti gani inakodoa macho?" Kisha akapunguza sauti, maana tulikuwa tumefika kwenye robot, zile taa za barabarani, na watu walikuwa wengi. "Mwaka mzima nimejificha. Waache wanitazame mara moja bila kuniuliza natoka wapi."

Maneno yalikuwa yake. Sindano ilikuwa yangu. Kwenye mshono wa mwisho, ndani ya pindo la shati, nikafunga fundo moja dogo kama punje ya mtama. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nguo yenye fundo si sanda yao, kwa hiyo mke wangu atakuwa amevaa shati lililoshonwa vibaya, basi.

Siku ya kupiga picha tulikwenda kwenye ghala mitaa miwili kutoka karakana. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa plastiki nyeusi, na sanduku la mbao limewekwa katikati. Nikahesabu milango, miwili. Nikahesabu tena: mmoja una kufuli. Na kabla mke wangu hajavaa, akaingia mzee mwenye fimbo. Ndiye yule babu. Mjukuu wake alikuwa amemwita aikague nguo.

Aliikagua kwa ukucha, mshono kwa mshono. Kwenye pindo ukucha ukasimama.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Mkono umezoea, mzee."

"Umeshona miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mkono wa miaka ishirini na miwili haujisahau mahali pasipoonekana."

"Babu, kuna kosa?" msichana akauliza toka kwenye kamera. Mimi nilikuwa nimeshautazama mlango usio na kufuli.

"Nani ataivaa?" mzee akaniuliza taratibu.

Nikamwonyesha kwa kidevu. "Mke wangu."

Akanyoosha mkono. "Lete sindano."

Nilidhani anafumua. Akafunga fundo la pili kwenye shingo, la tatu kiunoni mwa suruali. "Moja halitoshi," akasema. "Sanda kamili havishwi mtu anayepumua." Kisha akapaza sauti: "Iko tayari!"

Johannesburg sijawahi kutaka kimoja nikapewa vitatu. Nikamshuku papo hapo. Nikayapapasa mafundo yote, kisha nikarudia.

Mke wangu akalala sandukuni, uso umepakwa poda nyeupe. Kamera ikawashwa. Akainuka polepole, akageuza kichwa, macho yake yakanifikia, yakanipita kama mimi ni ukuta. Miaka kumi na tano nimelala kando ya uso ule na sikuujua. Msichana akasema basi, imetosha. Wengine wakapiga makofi. Yeye bado amesimama ndani ya sanduku.

"Mama?" nikaita.

Nikapiga hatua moja kuelekea sandukuni.

"Mama!"

Akainua mkono wa kulia, akajikuna kwapani.

"Papa," akasema, kwa ile sauti yake ya sokoni Uvira ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima, mbele ya wageni wote wale, "umenibana huku! Ulimpima nani, mimi au jirani?"