Joho Aliloshona Saidi

Alhamisi ile ya Desemba 1976 mume wangu Saidi alikuwa anashona majoho ya kwaya yetu ya Kilutheri. Yeye alikuwa Mwislamu, Mngazija, fundi cherehani wa Mahabibo, mtaa wa mji wa Mahajanga, Madagaska. Mimi Mkristo kutoka kisiwa cha Nosy Be. Vololona, jirani aliyeimba kando yangu, alikuja kupimwa.

"Shemeji, acha nafasi tumboni. Noeli inakuja."

"Nikiacha yote unayotaka, wenzako wataimba bila majoho."

Tulicheka sote watatu.

Siku nne baadaye watu wa Mahajanga, watu tuliowajua kwa majina, walianza kuwaua Wangazija. Walipita nyumba kwa nyumba na mapanga.

"Nenda kwa Vololona," nilimwambia Saidi. "Nyumba ya Mkristo hawataigusa."

Hakutaka. Nikamsukuma.

Walipekua kwetu, hawakumkuta.

Mlango wa Vololona ukafunguka kutoka ndani. Vololona akanyoosha kidole kuelekea jikoni kwake.

Huenda walimtisha. Hilo sikuliona. Nilichokiona ni kidole.

Saidi alipakiwa kwenye lori pamoja na maiti wengine. Alikozikwa sikujui.

Ibada ziliporudi, Vololona alikuja na joho jeupe. Lilimkaa vizuri. Mchungaji alisema Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Nikasimama.

"Mchungaji, usimsingizie Mungu. Aliyetwaa yuko kwenye kwaya, amevaa kazi ya mikono ya marehemu."

Waliimba wimbo uliofuata.

Nilirudi Nosy Be, nikaacha kusali. Shangazi yangu, mwinjilisti mzee, hakunihubiria. Alinisomea Zaburi ya themanini na nane, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, kisha akafunga Biblia.

"Faraja iko wapi?" nikauliza kwa ukali.

"Haimo, mwanangu. Na Mungu hakuifuta zaburi hii."

Nililia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Sasa nimezeeka. Wanaosema muda huponya hawajafiwa hivi. Kila Jumapili nampelekea Mungu hasira yangu, kwa sababu aliahidi kuwafufua wafu na Saidi bado hajaamka. Naamini atatimiza. Nisingeamini, ningenyamaza.

Vololona sijamsamehe. Nami niliyemsukuma Saidi nimeungama mara nyingi, na kila mara nimetangaziwa ondoleo la dhambi. Nalipokea. Lakini kiganja changu bado kinaukumbuka mgongo wake.