Kikombe cha barafu cha Mama Kavu

Saa tatu asubuhi, kwenye ua wa saruji nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, wanawake wawili wameshika blanketi moja lililolowa. Mmoja yuko upande huu, mwingine upande ule. Kila mmoja anasokota upande wake, blanketi linajinyonga katikati, na maji yanashuka sakafuni kwa kishindo.

Likishaanikwa, mwandishi anatega kiganja chini ya pindo na kusubiri. Kiganja kinabaki kikavu.

"Umeamini sasa?" anauliza yule mdogo, gauni amelipandisha magotini. "Ndiyo maana wananiita Mama Kavu."

Mkubwa ni mama mkwe wake. Amekunja mkono wa kulia, kiwiko amekipakata kwenye kiganja cha kushoto, analitazama blanketi kwa madaha kama anapigwa picha.

Badala ya kuchukua shuka linalofuata, Mama Kavu anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Anafungua taulo na kutoa kikombe cha plastiki kilichogandishwa maji. Mdomo wa kikombe umechanwa ili barafu ichungulie. Anatandika kitambaa chembamba juu ya kiwiko chake cha kulia, kisha anaanza kuizungusha barafu polepole juu ya mfupa wa upande wa nje. Anafumba macho.

Ni dobi wa mikono tangu alipoolewa. Kwa siku hufua mashuka hata arobaini, mengi ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Kiwiko hicho nusura kimtoe kazini.

"Kilianza kunichoma nikinyanyua birika," anasimulia. "Baadaye hata ufunguo wa mlango siwezi kuuzungusha. Siku moja nampa mume wangu chai, kikombe kikanitoka. Nikamwambia kimeteleza. Uongo mtupu!"

Mashuka nayo yakaanza kudondosha. Msimamizi wa nyumba ya wageni akalalamika kwamba yanafika na unyevu, yananuka, na kwamba akiona hivyo tena atanunua mashine.

"Mtu unaitwa Kavu, halafu mashuka yanalia njia nzima! Nilikuwa napita uchochoroni nisionekane."

Mama mkwe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alijua dawa moja tu, nayo ni maji ya moto. Kila jioni alibandika sufuria na kumkanda kwa taulo.

"Alinikanda kwa mapenzi, siwezi kusema vingine. Lakini mimi nilikuwa naona kiwiko kinawaka tu."

Ndipo akaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dada huyo alibonyeza mahali pamoja tu, Mama Kavu akaruka kitini. Akaambiwa ugonjwa huo huitwa kiwiko cha tenisi.

"Nikamwambia, dada yangu, mimi tenisi naiona kwenye televisheni, na hata huko nabadilisha chaneli."

Mtaalamu alicheka, kisha akamwomba aonyeshe anavyokamua. Jibu likapatikana hapo hapo. Kusokota kwa kifundo cha mkono kutwa nzima kumeuchosha mshipa unaoshika kwenye mfupa wa kiwiko. Akashauriwa apunguze kusokota, na akimaliza kazi aweke barafu kutuliza maumivu.

"Barafu ni ya samaki," mama mkwe alisema alipoletewa habari hizo. "Maumivu yanakandwa."

Mama Kavu hakumsikiliza, ila hata maagizo ya mtaalamu hakuyafuata vizuri. Ngozi yake imezoea pasi na maji yanayochemka, akaona baridi haitamfanya kitu. Alifunga bonge la barafu moja kwa moja kwenye ngozi, akajilaza. Alipoamka, kiwiko kilikuwa na lengelenge.

"Miaka yote hii pasi haijanipata. Nimekuja kuunguzwa na barafu!"

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Asiyesikia la mkuu!" alisema, na hakuhitaji kumalizia.

Mama Kavu alirudi kwa mtaalamu kichwa chini. Akafundishwa upya kwamba kitambaa lazima kiwepo, barafu isitulie mahali pamoja, ni dakika chache tu, na ngozi ikifa ganzi aache. Akapewa na onyo. "Barafu inatuliza tu, mama. Ukiendelea kusokota vilevile, utarudi hapa vilevile."

Kilichofuata kinashangaza kuliko barafu. Mwanamke huyu aliifundisha mikono yake kazi upya. Sasa shuka analizungusha kwenye nguzo ya chuma, anabana viwiko mbavuni, na kugeuka na kiuno chote. Hata blanketi la watu wawili analikamua kwa mwili hivyo hivyo. Kumtazama ni kama kumtazama mtu akibadilisha mwandiko wake ukubwani, na ukapendeza zaidi.

"Mwili ndio unakamua, mkono unashikilia tu," anasema. Msimamizi wa nyumba ya wageni hajataja mashine tena.

Lakini kuna jambo lingine, na hapa anashusha sauti. Mama mkwe yuko kwenye kamba, anapanga vibanio.

"Unamwona anavyokishika kiwiko kila tukimaliza blanketi? Nilipokuja bibi harusi nilidhani ndiyo madaha ya madobi. Nikawa namwiga! Juzi najipaka barafu, nikamtazama, nikaelewa. Mama anaumwa. Anaumwa tangu sijaolewa, na hajawahi kusema."

Machozi yanamlengalenga. Miaka yote hiyo, blanketi kwa blanketi, aliyekuwa akimkanda mwenzake ndiye asiyekuwa na wa kumkanda.

Mama mkwe amekwisha kusikia. Anakuja, anavuta ndoo ya pili, anakaa. Ananyoosha mkono wa kulia bila kumtazama mtu.

"Haya, lete hicho kikombe. Na wewe mwandishi, ukiandika, andika kwamba maji ya moto nayo ni dawa."

Mama Kavu anatandika kitambaa juu ya kiwiko cha mama mkwe wake na kuanza kuzungusha, taratibu kama alivyofundishwa. Anaulizwa ana mpango gani mbele.

"Kesho," anasema, "nagandisha vikombe viwili."