Jina Kwenye Boneti

Pale gereji walimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyolea ndevu mlangoni. Hakuwa fundi wa injini wala wa bodi. Kazi yake ilikuwa rangi: kung'arisha, kufuta mikwaruzo, na zaidi ya yote kuondoa madoa ambayo watu wameyatafuta wenyewe kwa kupaka dawa wasizozijua. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, vidole vimemkauka kwa spiriti. Wenzake walijua kwamba zamani alikuwa mlevi na kwamba aliacha. Zaidi ya hapo hawakujua, naye hakuwapa nafasi ya kuuliza.

Jumatatu moja asubuhi dereva mmoja mnene aliingia na gari jeupe, akaanza kulalamika hata kabla ya kuzima injini.

"Fundi, tuokoe jamani. Hili ni la bwana harusi, lilibeba maharusi juzi. Vijana wa kamati wakalipulizia mapovu ya kopo, yale ya rangi, kisha jana likashinda juani. Nikalipeleka kuoshwa pale kituo cha mafuta. Wakasugua kwa unga wa kusugulia masufuria, wapi! Wakaona walifunike kwa nta. Ndiyo balaa hili unaloliona."

Kioo alilizunguka. Nta ilikuwa imekauka nyeupe kwenye plastiki nyeusi za milango, ikajaa kwenye mianya ya taa kama unga wa ngano. Pembeni mwa madirisha kulikuwa na mistari ya gundi ya mapambo iliyoshika vumbi. Hayo hayakumtisha. Kisha akainama mbele, akaitazama boneti kwa upande, mwanga ukiteleza juu yake, na chini ya nta akaona maandishi ya rangi ya waridi yaliyozama. Jina la kwanza lilikuwa la mwanamume asiyemjua. La pili, baada ya mchoro wa moyo, lilikuwa Chiriku.

Akabaki ameinama. Dereva alidhani anapima doa.

Jina hilo alilitunga mwenyewe. Binti yake alianza kuongea kabla hajatembea sawasawa, na hakunyamaza tena. Alikuwa akisimulia ndoto zake mezani mpaka chai ya watu wote inapoa. Jina la cheti likasahauliwa kabisa mle ndani, hata mama yake alimwita Chiriku. Ndoa ilipovunjwa na chupa, jina lilibaki kwa mtoto. Siku binti alipohitimu chuo, Kioo alikwenda bila kualikwa, amelewa chakari asubuhi asubuhi. Akapanda jukwaani kumkumbatia, akaanguka naye mbele ya walimu na wazazi wa watu, joho, kofia na maua vyote chini. Tangu siku ile hakuonja pombe tena. Na tangu siku ile Chiriku hakupokea simu yake. Miaka yote alijipa moyo kwamba mtoto ana hasira tu, zitaisha. Siku ya kuolewa itabidi amtafute. Kwani ataolewa bila baba?

"Bibi harusi ni nani?" aliuliza, huku anajifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Mwalimu wa hesabu. Mpole huyo, hana makuu! Ngoja nikuonyeshe."

Dereva akamnyooshea simu. Chiriku alikuwa ndani ya gauni jeupe, mashavu yamejaa kidogo, ametulia. Kulia kwake alisimama mama yake. Na nyuma ya mama yake, katika sare ya bluu ya ndugu wa kike, alisimama dada yake Kioo, wa tumbo moja, ambaye wiki iliyopita tu alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe na asiseme neno.

"Wamependeza," Kioo alisema, akairudisha simu.

Angeweza kusema ana kazi nyingi. Badala yake alilisukuma gari kivulini, akangoja bati lipoe, akaliosha na kulikausha. Nta ya kwenye plastiki aliitoa kwa mswaki laini. Gundi aliilainisha, akaikunja kwa kidole ikatoka kama uzi. Kisha akaja kwenye boneti. Alijaribu spiriti kwanza pembeni, mahali pasipoonekana, akaona rangi iko salama, ndipo akakandamiza kitambaa juu ya herufi. Harufu ilimpanda puani. Kitambaa kikatoka na waridi kidogo, basi. Iliyobaki ilibidi aifuate kwa polishi na mashine, taratibu, maana ukichimba sana unakula utando wa juu wa rangi na hapo umeua gari. Jina la bwana harusi lilitoka. La binti lilibaki kama kivuli, ambacho wenyewe wasingekiona mpaka pengine waliangalie gari chini ya taa. Alikitazama kivuli hicho muda mrefu. Kisha akawasha tena mashine, akakifuta.

Alasiri wenyewe walikuja kulichukua. Bwana harusi alikuwa kijana mchangamfu, mwenye adabu, akamwamkia kutoka mbali. Chiriku alimfuata nyuma, mkoba begani. Alipoinua macho na kumwona ni nani aliyeshika kitambaa, hatua zake zikakatika.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Fundi, wewe ni hatari!" mume akapiga kelele za furaha, anapapasa boneti. "Mke wangu, njoo uone. Unajua, mzee, mimi nilitaka tuliache jina lake hapo, liwe kumbukumbu. Alipewa na baba yake, marehemu. Ndicho kitu pekee alichomwachia. Sikubahatika kumwona mkwe wangu."

Kioo alimtazama binti yake. Chiriku alikuwa ameung'ang'ania mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. Maneno mawili tu, na nyumba ile changa ingetikisika siku hiyohiyo. Wote wawili walilijua hilo.

"Poleni sana," Kioo alisema. "Alikufa kwa maradhi gani?"

Mume alifungua mdomo, lakini Chiriku akamtangulia.

"Pombe. Zamani sana."

"Pombe mbaya," Kioo alisema. "Mungu amrehemu."

"Amina," akaitikia mume.

Chiriku hakuitikia. Alifungua mlango, akaingia, akafunga mkanda. Gari lilipogeuka, Kioo alikuwa ameshajishawishi kwamba Chiriku atasingizia kusahau kitu, atarudi, japo amtukane. Alisimama getini mpaka mwenzake mmoja akamuuliza kama amepotelewa na kitu. Hakurudi siku ile, wala siku zilizofuata.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alimkuta barazani anachambua mchele. Dada alimwangalia usoni mara moja tu, akaliweka sinia chini.

"Nani amekwambia?"

"Gari. Nimemuona na mwenyewe, na mumewe. Nimepewa habari za kifo changu."

"Kaka, ulitaka nifanyeje? Mtoto alinipigia magoti. Alishawaambia wakwe tangu mwanzo wa uchumba kwamba umekufa. Akasema, shangazi, ukifungua mdomo ndoa hii hamna. Ningeivunja mimi?"

"Nimeacha pombe. Hilo hukumwambia?"

"Nilimwambia. Mara nyingi." Dada alishusha pumzi. "Akasema vizuri, heri kwake. Akasema hajui aanzie wapi kukufufua."

Kioo aliketi kwenye ngazi. Ndani, shemeji yake alizima redio, akatulia asitoke. Kioo akauliza harusi ilikuwaje, na dada, labda kwa kufarijika kuona hapigi kelele, akaanza kueleza: ukumbi, keki, mvua ndogo iliyotaka kuharibu mambo. Akaeleza jinsi mshereheshaji alivyowasimamisha wageni wanyamaze kidogo kuwakumbuka waliotangulia, babu wa bwana harusi, na...

Hapo akakatisha.

"Na mimi," Kioo alimalizia. "Wewe ulisimama?"

"Ukumbi mzima ulisimama, kaka."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Ulikuwa unamlilia nani?"

Dada aliokota sinia la mchele, akaliweka mapajani, akaanza kutafuta mawe. Kioo akavaa kofia yake na kuaga.