Swali la Shemeji

Kila Jumamosi mchana fundi cherehani hushusha mlango wa duka nusu, na wateja wake wanajua kwamba hapo hata kifungo hakishonwi. Ndani huketi wazee watano waliougua saratani ya tezi dume wakapona, na fundi ni mmoja wao. Huwapokea wanaume waliopewa majibu juzijuzi. Sharti lao ni moja: mgeni huuliza analotaka, na anayeulizwa hajibu kwa mzaha. Mzaha huja baadaye, tena mwingi, maana wazee wale wana midomo.

Fundi mwenyewe hana haya. Suruali iliyolowa, mpira wa mkojo, hofu ya kisu, yote huyasimulia huku akitia uzi sindanoni. Wiki ile akaletwa mchomelea vyuma, mdogo wa mkewe. Daktari alikwisha kumpangia upasuaji Jumatatu, naye alikwisha kuapa kwamba haendi ng'o. Alikaa kama aliyegombezwa, kisha akamkazia fundi macho.

"Shemeji, kitandani je?"

Wazee wakaanza kutazama dari. Tusidanganyane, kitanda chenyewe ni cha dada wa muulizaji, na mambo hayo shemeji haambiwi. Fundi akasema anakwenda kujisaidia, uongo mtupu, akapita mlango wa nyuma mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Fundi alimweleza kwa kigugumizi, na mama wa watu hakuacha hata kukunja shuka.

"Mwambie yote," alisema. "Aibu nitaibeba. Jeneza lake siliwezi."

Fundi akarudi, akaketi, akasema. Mwaka mzima hakuna kilichosimama. Kwa hasira alihamia sebuleni, mkewe akamfuata na mto wake. Dawa zilisaidia kidogo, lakini ujana haujarudi na hatausubiri. Wanalala wamekumbatiana, na siku hizi wanacheka kuliko zamani. Aliyasema hayo jasho likimtiririka, macho kwenye cherehani.

Mchomelea vyuma alijifuta uso kwa kiganja.

"Dada anajua umeniambia?"

"Ndiye aliyeniruhusu."

"Basi Jumatatu nipeleke wewe, shemeji. Dada asije. Kwa haya uliyoniambia, nitamtazamaje?"